Je, Ulaya Yafaa Kuonwa? Hesabu ya Msafiri wa Kathonzweni

Juma lile lile niliporudi kutoka Ulaya, wazee wawili wa hapa Kathonzweni walinijia nyumbani, wakaketi chini ya mwembe, na kabla hawajamaliza chai yao wakaniuliza swali moja tu: katika vitu vile vinavyosifiwa duniani kote, kipi ni kweli na kipi ni sifa tupu? Sikuwajibu upesi. Mmoja wao ana mwana aliye karani huko Nairobi, naye kijana huyo amekwisha kuanza kuweka akiba ili aende kama nilivyokwenda mimi. Basi neno langu laweza kumtoa fedha nyingi mfukoni, ama laweza kumzuia asione jambo ambalo lingemfaa maisha yake yote. Kwa sababu hiyo nimeona heri niyaandike haya kwa utulivu, wapate kuyasoma na wengine wenye nia kama hiyo.

Kwanza nieleze fedha, maana bila fedha hakuna hukumu ya haki. Binti yangu ni muuguzi Uingereza, naye ndiye aliyenilipia nauli ya ndege kutoka Nairobi mpaka London, mwezi wa Mei mwaka 2023. Lakini ada za viza (ile ya kuingia Ufaransa na Italia peke yake ilikuwa Euro 80 wakati ule), na nauli ya basi la watalii, na malazi, na viingilio vya milangoni, vyote vilitoka katika fahali wangu wawili. Na fahali hao mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kupatana kwamba watauzwa ili tununue tenki la kukingia maji ya paa. Kila aliyewahi kukaa Kathonzweni ajua tenki ni kitu gani. Mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya mwezi wa Novemba. Ile ya Machi na Aprili huja ikipenda. Na katikati ya hizo mbili tunaishi kwa silanga, na kwa visima tunavyochimba katika mchanga wa mito iliyokauka, na kwa punda wa kubeba mitungi. Mke wangu hakunikataza. Alisema, "Nenda, baba, lakini ukirudi utanihesabia." Nikaenda hivyo, jicho moja la kutazama na jicho moja la kupima bei.

Wala mimi si mtu wa kwanza wa pande hizi kwenda Ulaya na kuitolea hukumu. Salim bin Abakari alisafiri mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari za safari yake ziliandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, kwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, naye akatunga kitabu kizima juu ya safari hiyo. Wao walikwenda kama wageni wa wakubwa. Mimi nilikwenda kama mtu aliyeuza fahali, na nadhani macho ya namna hiyo ni makali zaidi.

Juu ya London sitasema mengi. Mnara wa saa ulio kando ya mto Thames ni mzuri, na yafaa msomaji ajue kwamba Big Ben si jina la mnara bali ni jina la kengele kubwa iliyomo ndani yake, ambayo uzito wake ni zaidi ya tani 13, nayo ilianza kulia mwaka 1859. Kuutazama hakuna malipo. Nilisimama darajani mpaka nikaisikia ikipiga saa sita, nikatosheka. Mwenye ndugu huko, na aende. Asiye na ndugu, mji ule utammaliza kwa bei ya chakula.

Kutoka London tulipanda basi mpaka Paris, na hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti kati ya kitu na sifa yake. Tulipelekwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mahali ilipo picha ya Mona Lisa. Picha hiyo nimeiona tangu utoto wangu katika kalenda na katika vifuniko vya vibweta, nami nilidhani ni kubwa kama mlango wa kanisa. Kumbe urefu wake ni sentimita 77 na upana sentimita 53. Mtu aweza kuibeba kwapani. Na kweli iliwahi kubebwa! Mwaka 1911 Mwitaliano mmoja, Vincenzo Peruggia, aliyekuwa amepata kufanya kazi mle ndani, aliiondoa ukutani akatoka nayo, isionekane tena mpaka mwaka 1913. Magazeti ya dunia yalipiga kelele miaka hiyo miwili, na watu wakaenda kwa wingi kuutazama ukuta mtupu. Wenye kujua husema kwamba wizi ule uliiongezea umaarufu kuliko sifa za wachoraji wote. Simdharau Leonardo, ambaye alianza kuichora yapata mwaka 1503. Mkono wake ulikuwa mkono wa ajabu. Lakini mimi sikuiona kazi ya mkono wake. Niliona visogo vya watu mia mbili na simu zao zilizoinuliwa juu, kisha kioo kinene, na nyuma ya kioo uso mdogo wa mwanamke. Askari wa zamu akatusukuma kwa adabu tupishe wengine. Picha ya kalenda niliyo nayo nyumbani huonekana vizuri zaidi, nayo haina foleni.

Mnara wa Eiffel ni neno jingine. Sikupanda lifti, maana ngazi ni rahisi kwa bei, nikazipanda ngazi 674 mpaka orofa ya pili huku nikipumua kama mvukuto wa mhunzi. Chuma kile kimeunganishwa kwa ribiti milioni mbili na nusu, na jengo lilimalizika mwaka 1889 kwa ajili ya maonyesho makubwa. Lilikuwa lidumu miaka 20 tu kisha libomolewe, likaokolewa kwa kuwa lilifaa kutumiwa kwa simu ya upepo. Leo urefu wake ni mita 330. Hapo nilikiri moyoni kwamba watu wale walifanya kazi. Hata hivyo nilipofika juu niliona paa za nyumba, na baada ya robo saa sikuwa na jambo jingine la kuona.

Humo ngazini palikuwa na bwana mmoja wa Ureno, abiria mwenzetu katika basi, ambaye aliniuliza, "Nikija kwenu nikatazame nini?" Nikamtajia mwamba wa Nzambani ulioko karibu na mji wa Kitui, nikamsimulia jinsi wazee wetu wanavyosema kwamba mtu akiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Akacheka sana, akaniuliza kama mimi nimeuzunguka mara ngapi. Nikanyamaza. Miaka yangu yote sikuwahi kuukanyaga mwamba ule, ingawa twauhadithia kila siku.

Huko Pisa basi lilisimama saa mbili tu. Mnara ulioinama ni mfupi kuliko nilivyotazamia, kama mita 56, na uwanja mzima umejaa watu walionyosha mikono hewani ili wapigwe picha kana kwamba wanauzuia usianguke. Upuuzi mtupu. Lakini maelezo yake ni mazuri kwa mtu yeyote aliyepata kujenga nyumba juu ya udongo mweusi wa kwetu, unaopasua kuta kila kiangazi. Walianza kuujenga mwaka 1173, na kabla hawajafika mbali udongo laini wa upande wa kusini ukaanza kudidimia. Mwaka 1990 ukafungwa kwa hofu. Mafundi hawakuuvuta kwa kamba wala kuusukuma. Walichimbua udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka mnara wenyewe ukarudi nyuma kama sentimita 45, nao ukafunguliwa tena mwaka 2001. Jambo hilo ningalipenda kulitazama likifanywa kuliko kuutazama mnara.

Sasa nije Roma. Sitaeleza sana juu ya Colosseum, uwanja ule wa mawe uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, uwezao kuchukua watu kama 50,000. Ni jengo la kutisha kwa ukubwa, lakini lilijengwa ili watu na wanyama wauane mbele ya watazamaji, na wanyama wengi waliletwa kutoka Afrika. Mimi ni jirani wa Tsavo. Sikuona raha kukaa humo.

Jambo lililonishika Roma ni maji. Jioni ya kwanza tulipelekwa kwenye chemchemi ya Trevi, iliyomalizika mwaka 1762, na nilipoyaona maji yale yakimwagika juu ya mawe meupe, usiku na mchana, huku watu wakitupia sarafu kwa kuipa mgongo, niliona uchungu. Nilimkumbuka mke wangu na mtungi wake wa lita 20. Nikamwuliza kiongozi wetu kwa sauti isiyo nzuri, "Maji haya yapotea bure?" Akanijibu kwa upole kwamba siku hizi maji ya chemchemi ile huzungushwa kwa pampu, na kwamba sarafu hukusanywa na kupewa shirika la Caritas lisaidie maskini, nazo hupita Euro milioni moja kwa mwaka. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitazamia: maji ya mahali pale yaliletwa kwanza na Agrippa mwaka 19 kabla ya Kristo, kwa mfereji wa kilomita kama 20, ambao sehemu yake kubwa imepita chini ya ardhi, wenye mteremko mdogo mno, bila mashine yoyote. Mfereji ulibomoka nyakati za vita, ukatengenezwa, ukaharibika tena, na matengenezo makubwa yalikamilika mwaka 1570. Mpaka leo njia ile ya maji haijafa.

Tangu saa hiyo niliacha kufuata kundi. Nilipewa siku mbili za kupumzika, nikazitumia kutembea nikitafuta mabomba ya barabarani ambayo Waroma huyaita nasoni, yaani pua kubwa, kwa sababu ya mdomo wake wa chuma uliopinda. Yako kama 2,500 mjini, na ya kwanza yaliwekwa mwaka 1874. Maji yake ni ya kunywa, ni baridi, na hayana malipo. Ukiuziba mdomo kwa kidole, maji huruka juu kwa tundu dogo, nawe wanywa bila kikombe. Mzee mmoja muuza mboga ndiye aliyenionyesha, bila ya sisi kuwa na lugha moja. Nilikunywa hapo mara nyingi kuliko nilivyokuwa na kiu. Kwa jambo hili hakuna aliyenitoza hata senti, wala hakuna foleni, wala silo lililoandikwa kwa herufi kubwa katika karatasi ya safari.

Hiyo ndiyo hukumu niliyowapa wazee wale chini ya mwembe. Kijana na aende, ikiwa fedha ni zake na si za maji ya mama yake. Paris siku moja yamtosha, na Mona Lisa aiache ukutani. Pisa akipitiwa na basi atazame, asipopitiwa asihuzunike. Roma akae siku nne, atembee kwa miguu. Mzee mmoja aliridhika. Yule mwenye mwana hakuridhika, akasema, "Wewe umekwisha kuona, ndiyo maana waona wepesi kumkataza mwingine." Amesema kweli, nami sina la kumjibu.

Mke wangu naye nilimhesabia, kila Euro. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, ni nani anayeufagia mfereji ule wa chini ya ardhi. Sikuwa nimeuliza. Tenki bado hatujalinunua. Twangoja bei ya ndengu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, kwa aibu ya maneno niliyomwambia yule Mreno, nilimchukua mke wangu twende Nzambani. Tulipanda ngazi za chuma mpaka juu ya mwamba, tukaiona nchi ya Kitui imelala chini kama ngozi iliyotandikwa juani. Naapa kwamba nilisimama kule juu kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama juu ya mnara wa Paris. Kuuzunguka mara saba hatukuthubutu.

Wakati wa kurudi tulipita kwa ndugu wa mke wangu, ambaye kijiji chao kina bwawa la mchanga. Kitui wanayo mamia ya mabwawa hayo, yaliyojengwa na vikundi vya vijiji pamoja na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni juu ya mwamba. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga mahali ambapo jua haliwezi kuyanywa wala mbu hawezi kuzaa. Tulikuta wageni sita kutoka Ulaya, wenye kofia pana na kamera, wamekuja kutazama. Msichana mmoja katika wao alitupa macho huku na huku juu ya mchanga mkavu, akauliza bwawa lenyewe liko wapi. Bibi mmoja wa kijiji akapiga magoti, akachimba kwa mikono miwili mpaka kina cha kiwiko, akangoja. Maji yakapanda polepole, yakatulia, meupe kabisa. Akayateka kwa kata akampa yule msichana, naye akanywa, kisha akakipiga picha kile kishimo.

Mke wangu akaniinamia sikioni, akanena kwa Kikamba, "Na huyu, ameuza fahali wangapi?"