Piga Mikono Tu

"Futa hiyo," mama alisema, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya simu yangu.

Ilikuwa Jumapili jioni hapa Nakivale, pale uwanjani ambapo ndugu zetu Warundi wanakutana na ngoma zao kila wiki. Hakuna tangazo, hakuna kiingilio. Ngoma zinapangwa nusu duara, inkiranya katikati, watoto wanakaa chini kwenye vumbi. Mimi Mkongomani, nakwenda kwa ajili ya picha. Simu yangu ni ya bei ndogo, ile mirisho, fimbo za kupigia, inatoka kama moshi tu. Lakini nimejifunza kungoja mpigaji aruke na mikono ifike juu kabisa. Hapo unabonyeza.

Siku hiyo aliyeingia katikati alikuwa binti. Huko Burundi, tangu amri ya rais ya Oktoba 2017, mwanamke haruhusiwi kupiga ngoma hizi, zile zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Hapa hakuna aliyemkataza. Mzee mmoja tu alibeba kiti chake akaenda zake. Binti akaruka, nikabonyeza. Sijawahi kupata picha kama ile.

"Mama, ni nzuri sana."

"Ndiyo maana itatembea. Ndugu zetu wengine bado wako kule."

"Sitaiweka popote."

"Na ile ya mwezi uliopita?"

Nikanyamaza. Ile niliituma kwa rafiki mmoja tu; baada ya siku tatu nikaikuta kwenye WhatsApp za watu nisiowajua. Tunawachekaga watu wa mashirika na makaratasi yao ya ruhusa, saini hapa, saini pale. Angalau wao wanauliza. Mimi jirani sikuwahi kuuliza mtu.

Nikafuta. "Na kule kwenye takataka pia," akasema. Kumbe anajua simu kuliko mimi.

Binti akaja anatoka jasho, anataka kujiona. Hakukuwa na kitu. Akanuna, kisha akamgeukia mama yake: "Basi apige mikono tu." Mama alifikiri sana kabla ya kusema sawa.

Ninayo hiyo: viganja viwili, malengelenge, mirisho. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Maandiko haya nayo nimemsomea mama. Amenitolea jina la mtaa na jambo moja jingine.