Ugonjwa Usiouma

Msomaji, maumivu ni mjumbe mwema. Jino likioza huuma, na mwenye jino humtafuta tabibu. Lakini upo ugonjwa wa wajawazito ambao aghalabu hautumi mjumbe mpaka umekwisha kufika wenyewe. Huo ndio ninaotaka kukusimulia, kwa kuwa mara ya kwanza ulinipiga, na mara ya pili ukanikosa.

Mimi ni mwalimu katika kisiwa cha Pate. Atokaye kwetu kwenda hospitali kubwa mjini Lamu hupanda boti, na boti hupita katika mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa, njia ni nyeupe. Yakipwa sana, miaka ile boti ilikwama, na abiria hakuwa na budi kungoja, awe mzima au mahututi.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2016. Mwezi wa nane miguu ilinivimba hata viatu vikanikataa, nami nikasifiwa kwamba nimenawiri. Nilikwenda zahanati moja ambayo sitaitaja. Kipimo cha shinikizo la damu kilikuwa kabatini, kimeharibika. Nikaulizwa, "Unaumwa?" Nikajibu kwamba siumwi. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikarudi nyumbani kwa furaha. Siku ya tano kichwa kiliniuma kama kinachopasuliwa, nikaona vimulimuli mchana kweupe. Nilipopandishwa botini maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Yaliyonipata Mkanda nimesimuliwa tu: nilikakamaa, nikatetemeka, nikajiuma ulimi. Nilipozindukana siku ya pili yake, mtoto wangu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wazee walisema ni pepo. Siwacheki. Mtu amwonaye binti yake akitoa povu, naye hana chombo cha kuona ndani ya mishipa, atasema nini? Hospitalini walikiita kifafa cha mimba. Daktari alinieleza kwamba chanzo chake ki katika kondo, lile pande la nyama linalomlisha mtoto tumboni. Mishipa ya mama iendayo kwenye kondo hupaswa kutanuka katika miezi ya mwanzo. Kwa wengine haitanuki vya kutosha. Kondo likipungukiwa damu humwaga katika mwili wa mama vitu vinavyodhuru mishipa yake yote. Shinikizo hupanda, figo huvujisha protini katika mkojo, na mwisho ubongo hushambuliwa. Tena aliyepatwa mara moja yumo hatarini kupatwa mara nyingine. "Ukishika mimba," aliniambia, "usingoje kuumwa."

Nilishika mimba mwaka 2019. Kabla ya juma la 16, kwa amri ya daktari, nilianza kunywa aspirini kidogo kila usiku. Ni dawa rahisi mno, lakini hupunguza hatari hiyo kwa wanawake wa namna yangu. Hospitali nilikwenda kila baada ya majuma mawili. Nikanunua na kipimo changu mwenyewe. Asubuhi na jioni nilikaa kitako, mgongo nimeuegemeza, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, nikanyamaza dakika tano, kisha nikapima. Tarakimu huwa mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. 140 kwa 90 ni onyo. 160 kwa 110 ni ya kukimbiwa. Zote niliziandika katika daftari la shule. Ni kazi ya kuchosha, msomaji, nakiri. Leo 116 kwa 74, kesho 120 kwa 78, wala halitokei lolote. Si mara moja niliyotamani kubuni tarakimu nikalale.

Juma la 34, Ijumaa jioni, nikaona 148 kwa 96. Nikapumzika, nikapima tena: 150 kwa 96. Nilikuwa mzima kabisa, nimetoka jikoni kupika. Nikamwambia mama kwamba naondoka na maji ya alfajiri.

"Mwanangu," akasema, "huumwi kichwa, hukuvimba, mtoto acheza. Utaliacha jumba kwa ajili ya kijisanduku?"

"Mama, mara ile tulingoja niumwe."

Alinyamaza. Kisha akaingia ndani, akanifungia kanga mbili, akaniletea kombe nikalinywa. Tulipita Mkanda maji yamejaa.

Nililala hospitalini siku 16. Watu hudhani hospitali ni mahali pa kutendewa. Mimi nilitendewa machache, nikatazamwa sana. Kila baada ya saa nne mkono wangu ulifungwa ukanda. Mkojo ulichovywa kijikaratasi kigeukacho rangi. Mkunga aliinamisha sikio kwenye kipembe juu ya tumbo, akahesabu mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo huwa baina ya 110 na 160 kwa dakika. Tulikuwa tunanunua siku, maana kila siku ipitayo salama humkomaza mtoto mapafu. Usiku wa 16 tarakimu ikawa 166 kwa 112, na biashara hiyo ikafungwa. Ugonjwa huu hauponi mpaka kondo litoke.

Nilipewa dawa ya kushusha shinikizo, na uchungu ukaanzishwa. Kwa kuzuia kifafa nilidungwa magnesiamu salfeti, nikahisi joto likinipanda toka kifuani hata usoni. Muuguzi alinigonga goti kwa kinyundo mara kwa mara, akahesabu pumzi zangu, kwani dawa hiyo ikizidi mwilini huzima kwanza mruko wa goti, kisha pumzi. Ni dawa ya zamani, lakini jaribio lililotangazwa mwaka 2002, la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu.

Binti yangu alizaliwa kesho yake adhuhuri, kilo 2.3, akalia kabla hajafutwa. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe kifafa huweza kuja hata baada ya kujifungua. Nilizuiwa wodini, kisha nikapimwa mpaka juma la sita. Tarakimu ya mwisho daftarini ni 118 kwa 76.

Kipimo sikukitupa. Kinakaa barazani kwa mama. Mjamzito apitapo njiani, mama humwita, "Mwanangu, njoo upimwe." Wengi hujibu kwamba hawaumwi. Mama huwavutia kiti.