Nilivyoivalisha Altezza viatu vya theluji, Mama akapanda bodaboda

MSOMAJI wangu, aibu ziko za aina nyingi. Kuna ya kufumaniwa, kuna ya kudaiwa baa mbele ya mkwe. Lakini kama hujawahi kumwona mama yako mzazi, mwenye miaka 68, akipita mbele ya gari lako juu ya bodaboda, kajitanda kitenge kwa ajili ya mvua, halafu anakupungia mkono, basi wewe aibu bado huijui.

Ngoja nianzie mwanzo.

Kwetu ni Rugu, Karagwe. Kazi yangu iko Bukoba mjini, na nyumbani naenda karibu kila mwisho wa wiki. Mwaka 2022, baada ya kujinyima mpaka nguo zikanipwaya, nilijipatia Toyota Altezza ya mwaka 2001. Wale wa vijiweni mnalijua gari hili. Mjapani alilitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, Ulaya likauzwa kama Lexus IS 200, injini iko mbele lakini wanaosukuma ni matairi ya nyuma. Gari la vijana. Aliyeniuzia alikuwa amekata springi ili lilale chini zaidi, na rimu zake zilikuwa za inchi 17, zinang'aa ukijiangalia unaweza kuchania nywele.

Siku naingia nalo kijijini ilikuwa Julai, kiangazi, barabara kavu. Watoto walikimbia nyuma hadi wakachoka. Tata (ndivyo tunavyomwita baba kwetu) alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, akauliza swali moja tu: "Hili linabeba mikungu mingapi?"

Nilicheka. Nikamwona mzee ni wa zamani.

Basi bwana, ikaja masika ya 2023. Aprili, siku ya kliniki ya presha ya Mama. Kijijini kwetu kuna mteremko unaoshuka hadi kwenye kalavati, kulia migomba, kushoto mtaro. Usiku ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa ni kama mtu kaumwagia mlenda. Niliingia na gia ya pili, taratibu kabisa, maana nambeba Mama. Katikati ya mteremko gari likaanza safari yake lenyewe. Nakata usukani kushoto, lenyewe linakwenda kulia. Nagusa breki, nyuma inataka kuja mbele. Tuliposimama tulikuwa ndani ya shamba la jirani, migomba mitatu iko chini, taa moja imepasuka.

Hakuna aliyeumia. Mama hakupiga kelele wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alifungua mlango, akavua viatu vyake vya kutokea, akavishika mkononi, akapanda kile kilima pekupeku huku mvua ikianza upya.

Migomba nililipa, taa nikanunua. Kliniki iliyofuata nikamwambia asubuhi nitampeleka. Akajibu kwa upole, "Usijisumbue mwanangu, nimeshaongea na kijana wa bodaboda."

Hapo ndipo palipoanza usingizi kunipaa. Mteremko ni uleule, utelezi ni uleule, pikipiki ina matairi mawili tu na mama yangu ana presha. Nikaapa vuli isinikute na matairi yale.

Agosti nikawa na safari ya Mwanza. Nikapita kwa muuza matairi ya mtumba, nikamweleza shida yangu yote mpaka ya migomba. Jamaa akatabasamu, akaingia ndani, akatoka na matairi manne yenye kashata za kutisha, kila kipande kimechanjwachanjwa vimistari vidogo kama chale za mganga. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, na pembeni kuna kipicha cha mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake.

"Kaka, hili ni tairi la barafu," akaniambia. "Mjapani anapanda nalo mlima wa theluji. Sasa tope la Karagwe ni kitu gani?"

Nikapiga hesabu kichwani. Theluji inateleza, tope linateleza. Anayeiweza theluji ataliweza tope. Hesabu ikakubali, nikatoa pesa.

Nisimseme vibaya muuzaji, tairi lilikuwa la theluji kweli. Kule Japani, hasa upande wa kaskazini kama Hokkaido, mwenye gari anakuwa na seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya baridi. Zamani ya baridi yalikuwa na misumari ya chuma ili yaumane na barafu. Misumari ikawa inakwangua lami, vumbi linajaa mijini watu wanakohoa, hadi mwaka 1990 Serikali yao ikatunga sheria ya kuyazuia. Ndipo yakashika soko haya yasiyo na misumari. Bridgestone walikuwa wameshaanza kuuza Blizzak yao tangu 1988. Siri iko kwenye mpira wenyewe: ni laini, umepikwa ili usikakamae hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Vile vimistari vidogo kazi yake ni kuing'ang'ania barafu.

Sasa mwenzangu, mimi tangu nizaliwe Rugu sijaona nyuzi 7. Theluji yetu Watanzania iko juu kule Kilimanjaro, na Altezza haifiki huko.

Wiki mbili za kwanza nilitamba. Mvua za Oktoba zilipoanza nilipanda kile kilima bila kusukumwa, nikapiga honi hadi nyumbani. Mama alitoka mlangoni, akatazama, akarudi jikoni. Nikasema moyoni, subiri tu.

Senene walipoanza kuruka mwezi Novemba, mambo yakabadilika. Kwanza ule udongo wetu wa kunata uliingia kwenye vile vimistari ukakataa kutoka. Baada ya mita 100 tairi lilikuwa duara jekundu, laini kama andazi, halina kashata hata moja inayoonekana. Pili, kwenye lami ya Kyaka hadi Bugene, ambayo ni karibu kilomita 60 za kona na milima, jua likiwaka gari lilikuwa linayumba kwenye kona kama limevaa ndala za sponji. Mpira ule haukupikwa kwa ajili ya lami yenye moto. Ulikuwa unaliwa kama sabuni.

Na siku moja mvua ilikuta lami hiyohiyo. Mbele yangu ng'ombe wakaanza kuvuka, wale wenye pembe ndefu za kujaa barabara nzima. Nikakanyaga breki mapema tu. Gari likaendelea. Msomaji, gari liliendelea! Nilisimama nikiwa natazamana na dume mmoja kupitia kioo, na mchungaji ananiangalia kama mtu anayemhesabia mwenzake siku zake.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilisimama kwa fundi mmoja pale Omurushaka, mzee mwenye maneno machache. Akachuchumaa, akasugua ubavu wa tairi kwa kidole chenye mate, akaniita.

"Soma hapa."

Nikasoma: 4012.

"Wiki ya 40, mwaka 2012. Tairi lina miaka kumi na moja. Lilikuwa laini lilipokuwa kijana, sasa limebaki ukoko juu." Akanionyesha na kitu kingine ndani ya mfereji wa kashata, kialama kilichoinuka kidogo. Kumbe matairi haya ya theluji yana alama mbili. Ya chini kabisa ni ile ya matairi yote, ya kusema tairi limekwisha. Ya juu yake inasema tairi limeliwa nusu, halifai tena kwenye theluji. Matairi yangu yalikuwa yameshaifikia hiyo ya juu tangu siku niliyoyanunua. Yaani Mjapani aliyavua kwa sababu hayafai kwenye theluji, mimi nikayalipia kwa sababu ni ya theluji!

Fundi alipomaliza kunicheka (alicheka kwa mabega, sauti haikutoka) akaniambia ugonjwa wangu si kashata peke yake, ni kipimo. Tairi langu lilikuwa 215/45R17. Maana yake upana ni milimita 215, na kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, kama milimita 97 hivi. Ubavu mfupi, kifua kipana. Kwenye lami kavu linashika kona kama gundi. Kwenye tope jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi pana linaelea juu, jembamba linakata hadi chini linapokuta pa kushika. "Punguza rimu," akasema. "Chukua 16 au 15, ubavu uwe mrefu, kifua kipungue."

Nikakataa. Mniwie radhi, lakini Altezza kuivalisha rimu ndogo nilikuona ni sawa na kumvalisha bwana harusi kaptula. Gari la spoti ni rimu kubwa, nani asiyejua hilo?

Nilikuja kujua Pasaka ya 2024. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalikuwa Naivasha, Kenya, na mwaka ule yalirudishwa wikiendi ya Pasaka, msimu wa mvua, kama enzi zile. Wazee wanakumbuka Safari ilianza 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Nilikuwa nimekaa baa Bukoba natazama. Magari ya mamilioni ya shilingi, madereva mabingwa wa dunia, na nikatazama matairi yao. Rimu ndogo! Nikauliza, nikasoma, nikakuta ni kweli. Kwenye vumbi na tope magari yale yanavaa rimu za inchi 15, tairi 205/65. Ya inchi 18 wanayaweka kwa ajili ya lami. Hata kule Sweden kwenye theluji yenyewe wanarudi kwenye 15 nyembamba, yenye misumari.

Soda ilinipalia. Yule fundi wa Omurushaka na timu za dunia wanasema lugha moja, mimi ndiye niliyekuwa nauza sura.

Jumamosi nikawa kwake asubuhi. Hakuniambia "nilikwambia", akaniletea rimu ya 15 tuijaribu. Mbele ikagusa kalipa ya breki, haikuzunguka. Kumbe haya mambo si ya kukisia, breki kubwa inataka nafasi yake. Tukapata seti ya 16 iliyotoka kwenye Mark II iliyopata ajali: nati tano, umbali uleule wa milimita 114.3, tundu la katikati lilelile. Zilikaa kama zimezaliwa pale. Matairi nikanunua mapya, 205/55R16, yenye mifereji mipana inayotema udongo na alama ya M+S, yaani tope na theluji. Fundi akanionya kwamba hiyo M+S mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, kwa hiyo nisiiamini kuliko macho yangu. Niangalie mifereji na tarehe.

Kimo cha gurudumu zima hakikubadilika hata kwa sentimita moja, kwa hiyo spidomita haikuharibika. Ila ubavu uliongezeka kama sentimita moja na nusu, na shimo likipigwa sasa ni mpira unaoumia, si rimu. Zile springi zilizokatwa tukatupa, tukarudisha nzima. Gari likasimama kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nakiri halipendezi kama zamani. Zile rimu za 17 nilizipeleka stoo kwa Tata zisubiri kiangazi, na kuku mmoja ameshaanza kutagia ndani ya moja.

Sikumwambia Mama kitu. Kwanza nilishuka ule mteremko peke yangu, asubuhi baada ya mvua, magunia mawili ya maharage kwenye buti ili nyuma ipate uzito. Nikashuka, nikapanda. Nikashuka tena. Pale chini kwenye kalavati kuna vijana wanaokaa kusubiri magari yakwame ili wasukume walipwe. Safari ya nne mmoja akaniuliza kwa uchungu, "Bosi, sasa sisi tutakula wapi?"

Kliniki ilikuwa Alhamisi ya mwezi Mei. Nililala nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi bodaboda alikuwa ameshafika uani, injini inanguruma, mvua ya rasharasha. Mama akatoka na kitenge chake. Akasimama katikati, akatazama pikipiki, akalitazama gari. Akaja akainama kwenye tairi la nyuma, akalibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza parachichi sokoni.

"Haya ndiyo mapya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yale ya kung'aa?"

"Yapo stoo."

Akampa kijana wa bodaboda nauli yake yote, akamwambia aende akanywe chai. Akaingia kiti cha nyuma. Kabla sijafunga mlango nikamwona anavua viatu, anavishika mkononi, tayari.

Sikusema neno. Nikaingiza gia ya pili. Tulishuka mteremko wote kimya, namsikia anapumua tu. Kalavati ikapita. Tukapanda upande wa pili. Yule jirani wa migomba alikuwa shambani, akasimama kutuangalia, jembe begani.

Tulipoikanyaga lami, ndipo nikasikia huko nyuma anavaa viatu.