Kuchagua Chuo cha Ugenini

Wazee wetu hawakuchagua chuo; walichagua mwalimu. Kijana wa pwani aliyekuwa na kiu ya elimu ya dini alifunga safari kwenda Lamu kusoma Riyadha kwa Habib Saleh, au Unguja kwa masheikh wa huko, na wachache walivuka bahari hadi Hadhramaut na Makka. Alipoulizwa aendako, hakusifu jengo wala mji, bali alitaja jina la mtu. Naye aliporudi alirudi na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ambayo ndani yake iliandikwa silsila ya walimu, mmoja baada ya mwingine. Aliyeisoma alijua mara moja kijana huyu katoka mikononi mwa nani, na ni nani wa kulaumiwa kwa ujinga wake.

Nimeanza na habari hizi za kale kwa sababu swali ninalolisikia siku hizi kwa jamaa na majirani wenye watoto waliomaliza kidato cha sita ni jingine kabisa. Huulizwa kwanza, nchi gani? Kisha huulizwa, ada kiasi gani? Mwalimu hatajwi. Wala hatajwi yule mtu mwingine ambaye, kwa maoni yangu, angestahili kutajwa hata kabla ya mwalimu, nami nitamfikia punde.

Yafaa ikumbukwe kwamba kizazi kilichotutangulia hakikuwa na uchaguzi mpana. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akaenda Edinburgh mwaka 1949 kwa msaada wa masomo, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Wangari Maathai wa Kenya alipoondoka mwaka 1960 kwenda Marekani, katika safari zile za ndege zilizoanza mwaka 1959 kwa jitihada za Tom Mboya na wenzake, alijikuta katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas. Vijana wa namna hii walikuwa watu waliotumwa. Chuo ndicho kilichowachagua, au serikali, au kanisa, au mfadhili. Wao walibeba sanduku na matumaini ya watu wengi.

Baadaye ukaja wakati wa ajabu, ambao vijana wetu wa leo hawaelezwi vya kutosha. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na taaluma zikagawanywa. Aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, mahali ambapo masomo hayo yalikuwa yameanza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache tu katika jengo la TANU. Aliyetaka uhandisi au tiba ya mifugo alikwenda Nairobi. Na kilimo kilikuwa Makerere, pamoja na udaktari uliokuwa na mizizi mirefu huko. Mtanzania akavuka mpaka bila kujiona mgeni, na Mganda kadhalika. Jambo hilo lilikoma mwaka 1970, kila nchi ilipochukua chuo chake. Siwalaumu waliolikata shauri hilo, maana kila taifa lilihitaji wahandisi na madaktari wake kwa haraka. Lakini kuna kitu kilichopotea pale, nacho ni ile hali ya kusoma nchi nyingine bila kuwa mtu wa nje.

Waliokwenda mbali zaidi walikutana na jambo la lugha. Katika chuo kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, mgeni alitumia mwaka wa kwanza kujifunza Kirusi. Mjini Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki, Taasisi ya Herder iliwafundisha wageni Kijerumani kabla hawajafungua kitabu cha fani yao. Wengi waliuona mwaka ule kuwa ni hasara. Mimi nauona kuwa ndio uliokuwa mwaka wa maana kuliko yote. Mwaka ule ulimwambia kijana wazi kwamba haendi kukaa darasani peke yake, bali anakwenda kukaa kati ya watu; na mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe.

Sasa nimfikie yule mtu asiyetajwa. Ni mgonjwa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia, akataka kuwa daktari. Nafasi aliyoiomba hapa nyumbani hakuipata, kwa kuwa waombaji walikuwa wengi. Wazazi wake wakauza kiwanja chao cha Buswelu, Mwanza, ndipo binti akaja kwangu, akaniamkia, akaweka mezani karatasi za vyuo vitatu: kimoja cha China, kimoja cha India, na cha tatu Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda. Zile mbili za kwanza zilikuwa zimeletwa na wakala. Zilikuwa na picha za rangi za mabweni, za bwawa la kuogelea na za maktaba yenye ghorofa nyingi. Nilizisoma mara mbili. Jina la hospitali ambayo wanafunzi wangejifunzia halikuwamo.

Nikamwuliza, “Katika mwaka wa nne, utakapowekwa mbele ya mgonjwa, utamwuliza kwa lugha gani anaumwa wapi?”

Akajibu, “Mjomba, masomo yote ni kwa Kiingereza. Wameandika hapa.”

“Masomo, ndiyo. Nakuuliza mgonjwa.”

Akanyamaza. Kwa hakika viko vyuo vya China vinavyowafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, na India karibu vyote hufundisha kwa lugha hiyo. Na nawafahamu madaktari hodari waliotoka kote kuwili. Lakini mama mzee aliyelazwa katika hospitali ya mkoa huko China hasemi Kiingereza, wala mkulima wa Maharashtra hasemi. Mwanafunzi asiyejua lugha yao husimama nyuma ya wenzake, akasubiri atafsiriwe, na kile anachotafsiriwa ni jibu tu. Kigugumizi cha mgonjwa, aibu yake, na lile neno alilolitaja kisha akalimeza, havitafsiriwi. Kumhoji mgonjwa ni nusu ya udaktari. Aliyekosa nafasi ya kujifunza hilo kwa miaka yote ya wodini atarudi nyumbani aanze kulijifunza katika mwaka wake wa utarajali, juu ya miili yetu.

Kwa hiyo nilimshauri aviandikie vyuo vyote vitatu maswali matatu: hospitali ni ipi, wanafunzi wageni hufundishwa lini lugha ya wenyeji, na kwa saa ngapi, na nani husimama nao wodini. Nilimwambia pia aiulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya kila chuo inatambuliwa, kabla fedha ya kiwanja haijatoka mkononi. Wakala alipopata habari ya maswali hayo alikasirika, akasema nafasi zinakwisha. Nafasi za wakala, kama tujuavyo, huwa zinakwisha kila siku na hazijapata kwisha.

Hapo ndipo shemeji yangu na ndugu zake walipoingia. Waliitaka China. Sikuwashangaa. Mtoto anayepanda ndege huagwa na ukoo mzima, picha hupigwa uwanjani, na baba yake husalimiwa kwa jina jipya. Bali anayepanda basi kwenda Uganda huagwa na mama yake tu. Kaka yake shemeji alisema waziwazi, “Hatukuuza kiwanja ili mtoto aende kwa jirani.” Neno hilo liliniuma, lakini lina asili yake. Tangu enzi za ukoloni tumezoea kuupima usomi kwa urefu wa safari. Wangari Maathai, aliyepita Kansas na Pittsburgh na kusoma Ujerumani, shahada yake ya udaktari wa falsafa aliipata Nairobi, mwaka 1971. Lakini tunapomsimulia tunaanza na ndege.

Lililokata shauri halikutoka kwangu. Mbarara iko katika nchi ya Wanyankole, na lugha ya wagonjwa wengi wa hospitali ile ni Kinyankole. Sisi asili yetu ni Karagwe. Kinyambo chetu na Kinyankole ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Murongo huvuka Mto Kagera asubuhi, akauza ndizi zake upande wa pili, akarudi jioni bila kuhitaji mkalimani. Binti alilifikiri jambo hili usiku kucha, asubuhi akamwambia baba yake, “Kote nitakuwa bubu, baba. Huko tu ndiko nina bibi wa kunifundisha kusema.” Shemeji akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza nauli ya Mbarara ni kiasi gani.

Lakini mtoto huyu alikulia Mwanza. Kinyambo chake kilikuwa cha salamu na chakula. Basi miezi iliyobaki kabla ya chuo kufunguliwa aliimaliza Karagwe, kwa bibi yake, yaani mama yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Kila jioni alikaa naye jikoni na daftari. Niliwatembelea mara moja, nikalifungua daftari lile. Kurasa za kwanza zilikuwa za viungo vya mwili. Zilizofuata zilikuwa za maumivu: yanayochoma, yanayopwita, yanayohama, yanayokuja na baridi, na yale ambayo mwanamke hamtajii mwanamume. Pembeni, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika onyo la bibi yake, kwamba mtu mzima haulizwi anaumwa wapi kabla hajaulizwa watoto wake wameamkaje.