Boti ya Unguja na Mtoto wa Darasa la Sita

Wazazi wanaopanga likizo ya baharini na mtoto wa miaka 10 hadi 12 huuliza kwanza kama chombo kina bwawa la kuogelea na chumba cha michezo. Naona wanaanzia mbali na jambo lenyewe. Mtoto wa darasa la tano au la sita si wa kubebwa tena, wala hajawa kijana wa kujitafutia mambo yake; anahoji kila kitu, hasahau, na asipopewa nafasi ya kuamua lolote atanuna safari nzima. Kwa hiyo naipima safari ya Dar es Salaam hadi Unguja hatua kwa hatua, nikishikilia hoja moja: umri huu unafaa safari fupi ya majini inayofuatwa na siku kadhaa za nchi kavu, kuliko meli ya anasa inayotia nanga asubuhi na kung'oa jioni.

Naanzia gatini Dar. Boti ya mwendo kasi huvuka kwa takriban saa mbili, muda ambao mtoto aliyezoea daladala za foleni anaumudu bila shida. Kinachoamua ni pepo. Likizo ya Juni na Julai huangukia kusi; wakati wa kwenda mawimbi hukisukuma chombo kwa nyuma na ubavuni, lakini wakati wa kurudi chombo huyakabili uso kwa uso, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia hupata kazi. Desemba kaskazi ndiyo kwanza inaanza, na kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Mtoto anayechafukwa na bahari akae sehemu ya chini, katikati ya chombo, atazame mbali badala ya simu, na asishibishwe chipsi na soda gatini.

Hapa hujitokeza pingamizi zito kuliko yote, na silipuuzi: bahari hii imeua. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar. Chombo hicho kilikuwa kimetumika awali katika maji ya ndani yaliyojikinga ya jimbo la Washington, Marekani. Yeyote anayetumia misiba hii kumzuia mtoto asisafiri ana haki ya kuogopa, ila tuisome sawasawa. Kwa wa kwanza tatizo lilikuwa shehena, kwa wa pili upepo na chombo chenyewe, na yote hayo mzazi anaweza kuyapima kabla ya kukata tiketi. Boti ikiwa imefurika abiria hadi kwenye ngazi, au safari za siku hiyo zikiwa zimeahirishwa kwa sababu ya upepo, nauli iliyolipwa isimshawishi mtu. Naye mtoto aoneshwe maboya yalipo na avae lake mara moja kwa majaribio. Mtoto wa umri huu anaelewa vizuri kuliko baadhi ya watu wazima wanaosinzia maelekezo yakitolewa.

Nashuka Malindi, bandarini Unguja. Kwenye bandari hii hii hufika meli kubwa za kitalii, na abiria wake huubana Mji Mkongwe, shamba la viungo na kisiwa cha Changuu ndani ya saa chache. Watetezi wa meli hizo husema mzazi naye anapumzika, chakula kipo, mtoto ana wenzake wa kucheza nao. Ni kweli, na kwa mtoto wa miaka minne ningekubali mara moja. Lakini wa miaka kumi na moja anataka kurudi mahali pale pale. Changuu kuna kobe wakubwa waliotokana na zawadi iliyoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na umri wao umeandikwa kwenye magamba. Wizi uliwapunguza vibaya miaka ya 1990. Mtoto akishayasikia hayo atauliza nani aliyekuwa akiiba kobe mzito kiasi kile, na jibu halipatikani wakati kiongozi wa msafara anapiga makofi watu warudi mashuani. Vivyo hivyo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020: watalii wa siku moja hulipiga picha wakapita.

Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, ndipo wazazi wengi husita. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, kanisa kuu la Anglikana likajengwa juu ya uwanja wake, na nje kuna sanamu za watumwa watano ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden. Wasemao mambo haya ni mazito kwa mtoto wanasahau kwamba biashara ya utumwa anafundishwa shuleni. Tena wapo wanaohoji kama vile vyumba vya chini vinavyooneshwa wageni viliwahi kweli kutumiwa kufungia watumwa, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni, la baada ya soko. Nani anafaa kuambiwa hivyo kama si mtoto aliyeanza kushuku anachosimuliwa? Sharti ni moja, asubuhi hiyo isipangiwe jambo jingine, na jioni aachwe kwenye bustani ya Forodhani na urojo wake.

Siku inayofuata iwe ya msitu wa Jozani, penye kima punju, mnyama wa asili wa Unguja pekee, na daraja la mbao linalopita kwenye mikoko. Njia ni fupi, miguu ya mtoto haichoki. Na kama watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa Chumbe kusomea matumbawe majini, wa bara naye hashindwi.

Mzazi mwenye likizo moja tu kwa mwaka achague Desemba, apande boti ya asubuhi, alale Unguja angalau siku tatu, na siku moja kati ya hizo ratiba aipange mtoto. Meli ya kitalii imsubiri mdogo wa mtoto huyo.