Nafasi ya Solo

Baba mkubwa alipiga gitaa la rizimu kwenye bendi moja ya hapa Mara, miaka ya 1970. Usiisumbukie kuitafuta, haipo popote. Enzi hizo bendi ya mkoani ikitaka kurekodiwa ilibidi ifike studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, na kutoka kwetu Kiabakari hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja. Sahani za santuri ndiyo kabisa, zilichapwa Nairobi; hata Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano yake walivuka mpaka kwenda kurekodi huko. Bendi ya baba mkubwa haikufika Dar wala Nairobi. Ilipiga kwenye harusi na sikukuu, halafu ikavunjika. Mwenzake aliyekuwa akipiga solo amefariki zaidi ya miaka ishirini sasa. Nyimbo zimebaki kwenye vidole vya mzee mmoja, na vidole vyenyewe vimeanza kutetemeka.

Mimi kazi yangu ni habari. Nimewarekodi mawaziri, wakulima wa pamba, watu waliofiwa asubuhi ileile. Kumrekodi mtu wa nyumbani nilikuwa naahirisha kila likizo. Mwaka jana nikaona nisijidanganye tena. Nikapanda basi na laptopu, gitaa la umeme nililonunua mkononi mwa mtu, na saundi kadi ya nje: kisanduku kidogo cha USB chenye tundu moja la gitaa na jingine la maiki. Sebule ya baba mkubwa ikawa studio. Tukatundika blanketi dirishani, kuku wakafukuzwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mngurumo. Nilipochomeka tu gitaa, hedifoni zikajaa sauti nzito ya umeme, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikabadilisha waya, nikahakikisha swichi ya tundu iko upande wa gitaa, wapi. Kumbe tatizo lilikuwa chaja ya laptopu: nyumba haina waya wa ardhi, na uchafu wa umeme ulipita kwenye chaja, ukaingia USB, ukafika kwenye nyuzi. Nikaichomoa chaja, nikatumia betri. Kimya. Baba mkubwa, aliyekuwa akinitazama kama anayemtazama fundi wa saa, akasema, "Kwa hiyo umeme unasumbua mpaka muziki."

Tatizo la pili ndilo lililonikaa. Alivaa hedifoni, akaanza kupiga, akasimama. Akaanza tena, akasimama.

"Nani huyo ananifuata nyuma?"

"Ni wewe mwenyewe, baba mkubwa. Sauti inachelewa."

"Mimi sijawahi kuchelewa."

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, mambo yako hivi. Kompyuta haiipokei sauti tone kwa tone. Inaikusanya kwa mafungu, na fungu hilo huitwa bafa. Mimi nilikuwa nimeiacha kwenye sampuli 1,024. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 23 sauti ikiingia, na karibu hizohizo ikitoka. Ukijumlisha, ni kama vile spika imewekwa mita kumi na tano kutoka ulipokaa. Mtu wa rizimu hawezi kuvumilia hilo, kwa sababu kazi yake yote ni kuwa mahali pake kwa wakati wake. Nikashusha mpaka 128, milisekunde tatu hivi kila upande. Akapiga, akatikisa kichwa kukubali. "Ameondoka," akasema.

Akapiga wimbo mzima, dakika nne na ushee. Taa nyekundu ya kuonya sauti kuzidi haikuwaka hata mara moja. Nikamshukuru, nikazima, nikajiona nimemaliza kazi.

Usiku nikasikiliza peke yangu. Ilikuwa safi. Safi mno. Gitaa la umeme linanasa mtetemo wa nyuzi tu, kwa hiyo ndani ya faili hapakuwa na kitu kingine chochote. Lakini mimi nilikuwepo pale mchana. Nilimwona akigonga sakafu kwa kisigino. Na katikati ya wimbo, pale ambapo zamani solo ilikuwa ikipanda, nilimsikia kwa masikio yangu akiita, "Ingia! Ingia, bwana!" huku macho kayafumba. Kwenye faili pale kulikuwa na rizimu ikizunguka tu, kama mtu anayetembea barabarani bila kuongea. Asiyejua angedhani wimbo umeishiwa.

Asubuhi nikamwomba arudie. Safari hii nikachomeka na maiki yangu ya kazini kwenye tundu la pili, ile ya kushika mkononi ninayohojia watu, nikaifungia kwenye mgongo wa kiti. Kabla hatujaanza, mvua ikashuka. Mnajua mvua juu ya bati. Nikasema tusubiri ipite.

"Tusubiri nini? Sisi tulikuwa tunaomba inyeshe tukiwa tunapiga. Watu walikuwa hawarudi makwao."

Basi tukarekodi na mvua. Akakosea mara mbili, kidole cha pete kikagoma. Akaendelea. Ilipofika ile sehemu akamwita tena mwenzake, safari hii kwa jina, halafu akampisha, mizunguko minane kamili, akipiga taratibu ili asimfunike. Kisha akasema "Haya," akarudi kwenye wimbo.

Nilivyorudi mjini nikamsikilizisha rafiki yangu mmoja mwenye studio. Akaipenda. Akasema mvua inapungua kwa programu, makosa mawili yanafichika, na ana kijana mpiga solo hatari sana, anaweza kuijaza nafasi ile ikawa wimbo kamili. Nikampigia baba mkubwa kumwuliza.

"Huyo kijana alimjua?"

"Hapana, baba mkubwa."

"Sasa ataingiaje?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtu anayetaka kuelewa. Nilikosa jibu, tukahamia kwenye habari za mahindi.

Faili ninayo kama ilivyo, nakala tatu, sehemu tatu tofauti. Ile ya kwanza, iliyo safi, sijaifuta. Ila nikitaka kuusikia wimbo nafungua ile ya mvua, na ikifika kwenye mizunguko minane napunguza mazungumzo kama kuna watu ndani.