Kabla Hujauza Rupia ya Bibi: Mambo ya Kujua Ukikuta Sarafu ya Kale Nyumbani

Leo naweka kando habari za mbegu na madumuzi, nikueleze jambo lililonikuta hapa Sofu nikiwa kwenye kazi yangu ya kila siku.

Nilikwenda asubuhi na mapema kwa bibi mmoja mjane kuchanja kuku wake dhidi ya mdondo. Kuku walikuwa bado wamefungiwa bandani. Nilipomaliza tone la mwisho, bibi akaniambia, "Bwana shamba, usiondoke kwanza. Nataka uniangalizie kitu." Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu.

Wajukuu zake walikuwa wamebomoa nyumba ya zamani ya fito na udongo ili wajenge ya tofali. Kopo lilikuwa limefukiwa ukutani, karibu na kichwa cha kitanda. Ndani yake mlikuwa na sarafu nne kubwa nyeusi, nyingine tano ndogo zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi, na moja ya rangi ya shaba.

Nikauliza, "Bibi, nani mwingine ameziona?" Akasema kijana wa pikipiki alipita siku tatu nyuma. Alizipiga picha, akaondoka, kisha akapiga simu kwamba kuna tajiri mjini atatoa shilingi milioni 20. Ila sharti kwanza zilipwe shilingi 300,000 za kipimo, kwa sababu eti rupia halisi ya Mjerumani huvuta mchele, na mashine ya kuthibitisha hilo ni ya kukodi. Bibi hakuwa na 300,000. Mchana ule ule alikuwa anamngoja mtu wa kumwekea rehani shamba lake la mikorosho, miti 22, ndiyo inayomlisha.

Nilikaa chini. Nilimwambia ukweli ambao sijawahi kuwaandikia ninyi.

Nikiwa kijana nimemaliza shule, nilikuta rupia moja kwenye kibuyu cha mbegu cha bibi yangu mzaa baba. Ilikuwa nyeusi. Nikaona nikiing'arisha itapata bei. Nikaisugua kwa mchanga, kisha nikaitia kwenye maji ya betri. Ikang'aa kama sahani mpya, na uso wa mfalme ukafutika nusu. Mnunuzi niliyempelekea Dar es Salaam aliitazama mara moja, akaniambia, "Hii umeshaiua," akanilipa bei ya chuma chakavu cha fedha. Hilo linaniuma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Sikumuuliza bibi aliipata wapi. Alifariki mwaka uliofuata, na habari ile akaenda nayo.

Kwa hiyo safari hii hatukusugua kitu. Tulisoma. Sarafu kubwa nne zilikuwa na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA na 1 RUPIE, na upande wa pili mfalme Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya tai. Miaka ilisomeka 1905, 1910, na mbili za 1911. Zenye tundu zilikuwa heller 5 na heller 10. Ile ya shaba ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916, yenye herufi D.O.A. na T ndogo.

Pengine unajiuliza rupia za Mjerumani zilifikaje kwenye ukuta wa udongo Sofu. Jibu halina uchawi. Serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba, na huku vijijini kiwango kilichozoeleka kilikuwa rupia 3. Ilibidi mtu atafute rupia, apende asipende. Mwaka 1905 ulianza ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, ikipita hapa jirani Soga na Ruvu. Vibarua walilipwa kwa rupia. Na kabla ya mwaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Baada ya hapo ikawa heller 100. Neno hilo heller ndilo tunalolitamka kila siku tukisema "sina hela".

Bibi aliposikia habari ya reli akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu yangu alibeba mataruma." Babu alimwachia mama yake rupia hizo, na mama alizifukia ukutani ziwe akiba ya sanda. Aliugua ghafla, hakuwahi kusema ziko wapi. Alizikwa kwa sanda ya kuchangiwa na majirani.

Tulipanda bodaboda mpaka kwa sonara Mailimoja, mwenye mizani ya kidijiti. Rupia halisi ya fedha huwa na uzito wa gramu 11.66, na karibu asilimia 92 yake ni fedha. Zetu zilikuwa na gramu 11.5 mpaka 11.6, kwa sababu ya kuchakaa. Sumaku haikuzishika. Basi ni halisi. Lakini rupia hizi zilipigwa kwa wingi mno. Ni mali, ila si milioni 20.

Iko sarafu ya Mjerumani iliyo adimu kweli, nayo ndiyo mama wa uvumi wote huu. Mwaka 1916, wakati wa vita, manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na sarafu kutoka Ulaya hazikuingia. Wajerumani wakapiga zao kwenye karakana ya reli Tabora, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida. Ni sarafu ya rupia 15, ina tembo mbele ya milima, uzito wake gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Zilitoka kama 16,000 tu. Heller 20 ya bibi ilipigwa Tabora mwaka huo huo, lakini hiyo ilitolewa kwa mamia ya maelfu, tena ni ya madini ya kawaida. Ndiyo maana nasema: soma kwanza maandishi, usisome ndoto.

Sasa zingatia haya ukikuta sarafu ya kale kwenye kopo, kibuyu, kasha au ukuta wako:

1. Usiisafishe. Si kwa limau, si kwa mchanga, si kwa maji ya betri. Weusi ule ni kinga yake. Kung'arisha sarafu ni kama kuchuma nanasi bichi ukalipaka rangi ya njano.

2. Soma na uandike kwenye daftari: maandishi, mwaka, herufi ndogo, uzito. Piga picha pande zote mbili kabla mtu mwingine hajaishika.

3. Usilipe hata shilingi ili uuziwe mali yako. Mnunuzi wa korosho hakudai ada ya kuonja. Anayetaka sarafu atatoa pesa, hataomba. Na sarafu ya fedha haivuti mchele. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu, kwa uvumi kwamba zina zebaki nyekundu. Haikupatikana. Uvumi ni ule ule, umebadilisha nguo tu.

4. Usimkabidhi mtu "akaonyeshe". Nenda naye, na uwe na ndugu pembeni. Pata bei kutoka kwa watu wawili au watatu kabla ya kukubali.

5. Zikiwa za kale zaidi, kama zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zenye maandishi ya Kiarabu, usichimbue wala usiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Toa taarifa serikalini, anzia kwa mtendaji wa kata.

6. Andika ilipatikana wapi, na ni nani aliyeiweka.

Hilo la sita watu hulidharau. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akazitia kwenye kopo, kama mama yake bibi. Mwaka 1979 alizipeleka zikachunguzwe, na 5 zikatambuliwa kuwa za Kilwa, zimevuka bahari nzima ya Hindi kwa njia ambayo wasomi bado wanaitafuta. Kama sarafu hizo zingekutwa dukani hapa Pwani, wangezitazama kidogo tu. Uzito wake uko mahali zilipookotwa, na Isenberg alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani. Bila X ile, ni vipande vya shaba.

Turudi kwa bibi. Mtu wa rehani alipofika alikuta chai, akanywa, akaondoka na karatasi zake. Kijana wa pikipiki alipoambiwa aje mwenyewe na pesa taslimu, alizima simu. Miezi miwili baadaye bibi aliuza rupia tatu kwa mkusanyaji wa sarafu, mbele ya mjukuu wake na mimi. Hazikujenga nyumba. Zilinunua bati sita, na zimeshapigiliwa.

Ile ya nne, ya mwaka 1905, hakuiuza. Amempa mjukuu wake mkubwa daftari, akamwandikisha jina la babu, kazi ya mataruma, na mahali ukuta uliposimama. Rupia yenyewe ameifunga kwenye pindo la kanga. Nilipomuuliza ataiweka wapi akajibu, "Safari hii nitasema."

Nawe kama kuna kopo usilolijua mwenyewe wake, muulize mzee wako jioni hii. Kuku wa bibi watachanjwa tena baada ya miezi mitatu; wako je, umeshawachanja? Tukutane wiki ijayo.